Mtoto ana mwaka na miezi minne, homa na anavuta sikio. Kapewa antibayotiki bila kuangaliwa sikioni, ni sawa?

#1 MamaKhery
Habari wakuu. Naomba msaada maana chupa ya dawa ipo hapa mezani na sijampa bado. Mwanangu alianza na mafua, jana usiku homa ikapanda, halali, ukimlaza tu analia ukimnyanyua anapoa kidogo, na mkono haubanduki kwenye sikio la kulia. Asubuhi nikampeleka zahanati, wakampima malaria kwa kile kipimo cha kutoboa kidole, hana. Tabibu akauliza anakohoa? anaharisha? nikajibu anakohoa kidogo, basi akaandika amoksilini na panado tukatoka. Sikio hakuligusa kabisa. Mama mkwe anasema ni jino, jirani anasema ni maji yaliingia wakati namwogesha. Nimpe dawa au nimrudishe? Na kwa kweli mtoto ambaye hata kusema hawezi mnajuaje kama ni sikio?

#2 BabaPacha
Hilo jino dada. Wangu wote wawili magego yalipokua yanachomoza ilikua hivyohivyo, sikio halitulii, mate yanamwagika, usiku hatulali. Subiri utaona fizi.

#3 Tabibu wa Kata
Pole mama Khery. Sikio litangoja kidogo, anza kujibu haya. Anakunywa au ananyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea kiasi kwamba ukimwita haamki vizuri? Kama kuna hata moja ya ndiyo acha kusoma hapa nenda hospitali sasa hv, hizo ni dalili za hatari kwa mtoto yeyote chini ya miaka mitano haijalishi ni sikio au si sikio.

Kama hamna, mvue kofia au kilemba mkalishe kwenye mwanga, pitisha kidole taratibu kwenye mfupa nyuma ya sikio la kulia halafu nyuma ya la kushoto. Unatafuta uvimbe, joto, au analia zaidi ukibonyeza upande mmoja. Mtazame na kwa mbele, sikio moja limesukumwa likasimama kuliko la pili? Kwa mtoto mdogo uvimbe unaweza kutokea juu ya sikio badala ya nyuma. Ukikuta hivyo maambukizi yameingia kwenye mfupa, anapewa dozi ya kwanza na rufaa siku hiyohiyo.

Kisha angalia kama kuna usaha au majimaji yanatoka, na mto wake wa usiku uangalie pia maana usaha ukikauka mchana huuoni. Tujibu haya tuendelee.

#4 MamaKhery
Ananyonya ila anaachia achia. Hajatapika, degedege hapana. Nyuma ya sikio nimegusa pande zote naona sawa tu. Mto hauna kitu.

#5 Kipepeo wa Tanga
@BabaPacha kila kitu jino. Mtoto akikohoa jino akiharisha jino. Jino halipandishi homa ya maana mpaka mtoto ahangaike usiku mzima, hilo nimeambiwa na madaktari zaidi ya mmoja. Mama Khery umepima homa kwa kipimajoto au kwa kiganja?

#6 MamaKhery
Zahanati wamesema 38.9.

#7 Tabibu wa Kata
38.9 usimwachie jino. Ila BabaPacha ana lake, mtoto kuvuta sikio peke yake sio ushahidi, wanavuta wakiwa na usingizi, wakiota meno, wakichoka, wengine ni mazoea tu. Mtoto mwenye homa, mafua kabla yake, usiku mbaya kuliko mchana na kilio kikizidi akilazwa, hapo sikio linapanda juu kwenye orodha yangu.

Maji ya kuoga hayahusiki. Ngoma ya sikio ikiwa nzima maji yanaishia nje. Haya maambukizi yanatokea nyuma ya ngoma na njia yake ni puani. Kuna mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati, kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawasawa, kwahiyo mafua yakiubana majimaji yanabaki ndani na wadudu wanazaliana humo. Ndio maana akina mama wengi wanakuambia "alianza na mafua".

#8 Mzee wa Kitunguu
Kitunguu saumu kimoja, ponda, pasha na mafuta ya nazi, yakipoa kidogo dondoshea matone mawili. Bibi zetu hawakua na amoksilini na sisi tunasikia mpaka leo.

#9 NesiLulu
Mzee nakuheshimu ila hapana. Hujui kama ngoma imetoboka. Ikiwa imetoboka hayo mafuta na vitunguu unavipeleka moja kwa moja sikio la kati. Na maziwa ya mama vilevile, mmenyonyesha vizuri inatosha, sikioni usikamue. Nimepokea watoto wenye ngozi ya ndani ya sikio imeungua kwa mafuta ambayo mama aliyaona "ya vuguvugu tu".

#10 Mzee wa Kitunguu
Mbona mdudu akiingia sikioni nyie wenyewe mnatia mafuta?

#11 NesiLulu
Mdudu ni habari nyingine mzee, unamtuliza kwanza ndipo atoke, na hapo pia ni kama sikio halijawahi kutoa usaha. Umenipata hapo kidogo lakini hujanipata kwenye kitunguu 😂

#12 MamboYaVoi
Salamu kutoka Kenya. Kwetu pia CO (clinical officer, ndiye tabibu wenu) alimpea mtoi wangu antibayotiki bila kuangalia. Lakini swali langu, ata akiangalia na hiyo tochi anaona nini? Mtoto analia, anapiga teke, sekunde mbili imeisha. Hiyo si ni kubahatisha tu.

#13 NesiLulu
Sio kubahatisha ukijua kumshika. Mtoto anakaa pajani kwa mama ubavuubavu, sikio linanielekea mimi. Mkono mmoja wa mama unabana kichwa kifuani kwake, mkono wa pili unakumbatia mikono yote ya mtoto, miguu inabanwa katikati ya mapaja ya mama. Usimlaze kitandani na watu wanne wamkandamize, hapo umeshampoteza na kesho akiona koti jeupe tu analia. Mimi namwonyesha tochi kwanza, namulika sikio la mama, namulika la mdoli, halafu naanza na sikio lisilouma. Koo naliangalia mwisho kabisa maana ukianza na koo hakuna tena ushirikiano.

Otoskopu, ndiyo hiyo tochi ya kutazamia sikio, naishika ili kidole changu kiegemee shavu la mtoto, akigeuka ghafla mkono unaenda naye, ile ncha haimchomi. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu unavuta sikio kuelekea chini na nyuma ili njia inyooke. Mkubwa ndio unavuta juu na nyuma.

#14 Daktari Mstaafu
Lulu umeeleza vizuri sana kuhusu kumshika. Nyongeza moja, hiyo ya chini na nyuma ndivyo vitabu vingi vinavyosema lakini wapo wanaofundisha kuvuta nyuma moja kwa moja kwa hawa wadogo, na mimi kwa mtoto wa mwaka na kitu mara nyingi nyuma tu inatosha. Vuta taratibu mpaka uone, kila sikio lina njia yake.

Sasa swali la ndugu wa Voi ndilo swali lenyewe. Ukiona wekundu tu hujaona kitu. Mtoto aliyelia dakika tano ngoma yake inakua nyekundu, mwenye homa pia nyekundu. Ngoma ya kawaida ni ya kijivu inang'aa na inapenyeza mwanga. Unachotafuta ni ngoma iliyotuna kuja nje kama andazi lililoumuka, imepoteza mng'ao, nyuma yake njano au nyeupe. Kutuna ndiyo dalili ya kuaminika kuliko rangi. Wenye kimpira cha kupuliza hewa wanaangalia pia kama ngoma inacheza, yenye majimaji nyuma yake haichezi au inacheza kidogo.

Kingine watu wanachanganya, majimaji nyuma ya ngoma bila homa wala maumivu sio maambukizi ya ghafla. Yanabaki hata wiki kadhaa baada ya mafua na hayahitaji antibayotiki.

#15 Tabibu wa Kata
Shikamoo daktari. Hayo yote kweli ila sema na ukweli wa huku chini. Otoskopu ya kituo changu balbu iliungua, niliagiza kwa maandishi, mpaka leo natumia ya kwangu niliyonunua mwenyewe. Zahanati ngapi huku zinayo inayowaka? Kwahiyo mama Khery usimhukumu haraka yule tabibu kwa kukosa kifaa. IMCI tuliyofundishwa, yaani mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa wa chini ya miaka mitano, haihitaji otoskopu, unauliza kama sikio linauma, linatoa usaha, kwa muda gani, unatazama usaha, unagusa nyuma ya sikio. Na kama mama hana uhakika kama linauma unamuuliza mtoto amekua msumbufu na anajisugua sikio? Hilo lipo kwenye mafunzo kabisa.

Ninachomlaumu ni kwamba hakuuliza na hakugusa. Kuna dalili kuu nne za kumuuliza kila mama: kikohozi au kupumua kwa shida, kuharisha, homa, tatizo la sikio. Huyo aliuliza mbili, homa akapima malaria, sikio akaruka. Kuuliza na kugusa nyuma ya sikio ni bure, hakusubiri balbu.

#16 Fundi Saa
Lakini si alimpa amoksilini? Hata angeuliza angempa hiyohiyo. Mnalaumu nini sasa.

#17 Kipepeo wa Tanga
@Fundi Saa kama kuna uvimbe nyuma ya sikio amoksilini ya kunywa nyumbani haitoshi, umeshaelezwa post #3. Soma uzi kwanza.

#18 Tabibu wa Kata
Na muda nao unabadilisha dawa. Usaha chini ya siku 14 au maumivu ni maambukizi ya ghafla, amoksilini siku 5 na panado. Usaha wa siku 14 kwenda mbele ni sugu, hapo vidonge na sirapu havisaidii sana, kazi kubwa ni kukausha sikio kwa utambi na matone ya aina ya siprofloksasini kwa wiki mbili. Nakutana na watoto walionyweshwa chupa juu ya chupa za antibayotiki na sikio linavuja tangu mvua za mwaka jana, hakuna aliyewahi kumfundisha mama kukausha.

#19 Binti Mwinyi
Huo utambi unafanywaje? Wangu mkubwa anatoka usaha kila akipata mafua, mimi namsafishia kwa zile stiki za pamba.

#20 NesiLulu
Stiki weka mbali dada, zinasukuma uchafu ndani na zinaweza kutoboa ngoma. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya au tishu ngumu isiyochanika, kisokote kiwe utambi wenye ncha, ingiza taratibu, ukilowa utoe weka mwingine mpaka utoke mkavu. Mara tatu kwa siku, na matone yanawekwa baada ya kukausha. Usiache kitu ndani ya sikio, asiogelee. Na kama linarudi kila mafua mpeleke aangaliwe ngoma na apimwe usikivu.

#21 Famasia ya Mtaa
Naomba niseme upande wetu wa duka. Watu wanakuja "nipe ya sikio" wanataka matone ya jentamaisini. Hayo kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kudhuru usikivu, siuzi bila kujua sikio limeangaliwa. Jingine, dozi inaenda kwa uzito, "kijiko kimoja" alichopewa mtoto wa jirani sio cha mwanao. Na ile amoksilini ya unga ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye alama, tikisa kila mara, nyingi ikishachanganywa mwisho siku 7. Mama Khery chupa yako imeandikwaje na mtoto ana kilo ngapi?

#22 MamaKhery
Kilo 10 na nusu. Kweli hapo zahanati kwenye mizani hawakumweka, hiyo nimeitoa kwenye kadi ya kliniki ya mwezi huu. Nashukuru nitarudi na kadi wanipigie upya.

#23 Mtu wa Leicester
Huku Uingereza mngeshangaa. Mwanangu wa kike miaka miwili na nusu, GP (daktari wa familia) alimwangalia akasema ndio sikio moja limevimba, akatuambia panado na aibuprofeni, wengi wanapona ndani ya siku tatu bila antibayotiki, akizidiwa mrudi. Tangu Januari 2024 hata famasi za huku England wanaruhusiwa kuangalia sikio la mtoto kuanzia mwaka mmoja. Nlikasirika lakini kesho yake alikua anacheza. Kwanini Bongo kila mtoto anapigwa amoksilini?

#24 Fundi Saa
Tazama sasa, wazungu wenyewe hawampi. Nilisema.

#25 Daktari Mstaafu
Hukusema hivyo Fundi, post #16 ulikua unatetea dawa 😀

Leicester yuko sahihi kwa mtoto wake ila asiunganishe moja kwa moja na wa mama Khery. Mapitio makubwa ya tafiti yanaonyesha karibu 60% ya watoto maumivu yanaisha ndani ya saa 24 wapate antibayotiki wasipate. Lakini hukohuko Uingereza mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye masikio yote mawili, au wa umri wowote anayetoa usaha, wanafikiria dawa. Marekani nao chini ya miaka miwili mwenye masikio yote mawili anapewa, mwenye moja na hali si mbaya anaweza kusubiriwa saa 48 hadi 72. Na neno "kusubiri" lina masharti, mtoto awe ameangaliwa kweli, mama awe na simu na nauli ya kurudi usiku, na kituo kiwe wazi.

#26 Tabibu wa Kata
Hapo kwenye nauli daktari umemaliza. Mama anatembea kwa bodaboda toka kijiji cha tatu, nimwambie arudi keshokutwa tuone? Wengine hawarudi mpaka uvimbe umeshatokea. Mimi kwa mwenye homa ya 39 na chini ya miaka miwili natoa dawa.

#27 Mtu wa Leicester
Sawa lakini usugu wa dawa je? Ukimpa kila anayejishika sikio kesho amoksilini haifanyi kazi kwa nimonia, na nimonia ndiyo inaua.

#28 Tabibu wa Kata
Ndio maana nasisitiza kuuliza na kugusa na otoskopu iwepo. Simpi kila anayejishika sikio. Ila kati ya hatari mbili mbele yangu saa nne asubuhi na foleni ya akina mama mlangoni nitachagua ya mtoto aliyepo.

#29 MamboYaVoi
Na hizo siku tano zatosha? Kwetu tuliambiwa kumi.

#30 Daktari Mstaafu
Swali zuri. IMCI inasema tano. Utafiti wa Marekani uliotoka 2016 uliwalinganisha watoto wa miezi 6 hadi 23 waliopewa siku 5 na siku 10, walioshindwa kupona vizuri walikua 34% kwa siku 5 na 16% kwa siku 10. Ila dawa ilikua amoksilini yenye klavulaneti (kiungo cha kuiongezea nguvu), sio amoksilini tupu, na watoto wote walithibitishwa kwa otoskopu. Kwenye zahanati ambapo nusu yao huenda hawana hata maambukizi ya sikio, siku kumi kwa wote ni dawa nyingi bure. Mwongozo wa nchi ndio wa kufuata, ila mtoto arudishwe siku ya tano aangaliwe, kama bado linauma anaendelea siku tano nyingine.

#31 Binti Mwinyi
Mbona watoto wa siku hizi wanaumwa masikio na chanjo zote wamepata? Nlisikia ile ya nimonia inakinga na masikio.

#32 MamboYaVoi
Hiyo inapunguza sio kumaliza. Kenya ndio ilikua ya kwanza Afrika kuileta, 2011.

#33 Mkigali
Samahani ndugu, Rwanda ilianza 2009. Kenya mlifuata 😊

#34 Tabibu wa Kata
Tanzania ni mwishoni mwa 2012 kuingia 2013, wiki ya 6, 10 na 14. Inakinga aina kadhaa za nimokokasi (vijidudu vya nimonia vinavyoshambulia na masikio) sio zote. Wadudu wengine wa sikio hawamo, hata ile Hib (kinga ya haemofilasi aina ya b) iliyo ndani ya chanjo ya tano kwa moja haikingi haemofilasi anayeshambulia masikio kwa kawaida, huyo ni wa aina nyingine. Moshi wa sigara na wa jikoni ndani ya chumba wanacholala, na chupa ya maziwa mtoto akiwa amelala chali, hivyo mnaweza kuvipunguza nyumbani.

#35 MamaKhery
Nimerudi wakuu. Sikutulia, nimempeleka kituo cha afya chenye otoskopu. Dada wa pale kamshika vilevile kama alivyoeleza Lulu, pajani kwangu. La kulia anasema ni jekundu na limetuna "kidogo", la kushoto kuna nta hakuona vizuri. Fizi za nyuma akasema kweli kuna gego linakuja. Akamwita mwenzake akaangalia akasema mimi naona wekundu tu, kalia sana huyu. Wamekubaliana nianze dawa, wamepiga upya kwa kilo, na panado, nirudi siku ya tano au mapema akibadilika. Nimempa dozi ya kwanza.

#36 BabaPacha
GEGO LINAKUJA. Naomba isomwe vizuri hiyo.

#37 Kipepeo wa Tanga
Na sikio limetuna. Isomwe na hiyo.

#38 Daktari Mstaafu
Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja, na hata mafua peke yake yanaweza kueleza nusu ya hayo. Wawili wakitazama sikio moja wakatofautiana ni kawaida sana. Kushoto kulikua na nta, hivyo hatujui kama ni sikio moja au yote mawili, na kwa umri wake hilo lina maana. Wakimwona tena waliangalie. Baada ya hapo hata akipona msimalizie, ikipita miezi mitatu bado hasikii vizuri ukimwita kwa nyuma au maneno hayaongezeki apelekwe kwa wa masikio.

#39 Binti Mwinyi
Hiyo nta kwanini wasiitoe kwanza?

#40 NesiLulu
Kwa mtoto mwenye homa anayelia na sikio linalouma mimi sichokonoi. Ukichubua damu inatoka na huoni tena chochote. Nta nyingi inatoka yenyewe. Ila kama kuna punje ya mahindi au harage ndani usimwagie maji kabisa, linavimba, tuletee.

#41 Fundi Saa
Ya shanga je? Mtoto wa dada yangu ana shanga ya kijani inaonekana kabisa kwa mwanga, tunaogopa kuitoa.

#42 NesiLulu
Msiiguse kwa kibanio, ya duara inateleza kwenda ndani. Mpelekeni hospitali yenye vifaa vya masikio akiwa hajachokonolewa, mara ya kwanza ndiyo rahisi. Ana umri gani?

#43 Fundi Saa
Mitatu. Anasema aliiweka mwenyewe ili "isipotee".

#44 Tabibu wa Kata
Mpelekeni kesho asubuhi. Angalieni na sikio la pili na pua zote mbili, anayeweka moja mara nyingi kaweka na nyingine.

@Famasia ya Mtaa nje ya mada kidogo, hapo kwenu mnapata balbu za otoskopu za volti 2.5? Nikipata mbili tatu nampelekea na yule jirani yangu wa zahanati ya chini.